Benchi la Wazazi

Mlikuja kunipa pole, mkanywa kahawa yangu, mkaniuliza swali zito, kisha adhana ya Magharibi ikawatoa mbio kabla sijafungua kinywa. Siwalaumu. Nyumba ya msiba si mahali pa semina. Lakini swali mliniachia, na mimi sasa sina kazi nyingine ila kukaa nalo.

Mliuliza hivi: "Mwalimu Zainabu, wewe wazazi ulikuwa ukiwapata wapi? Sisi tukiita mkutano, viti huwa vingi kuliko watu."

Nawajibu kwa maandishi kwa sababu kutoka siwezi. Nimekaa eda. Salim wangu amefariki, na kwa desturi yetu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hapaki wanja, hajifukizi udi, havai nguo ya kupendeza, na mlango wa mbele hauvuki ila kwa dharura. Nyumba mliiona. Iko kwenye kichochoro cha Mji wa Kale ambacho hata tuktuk hupita ikijibana. Mchana nikifungua dirisha nasikia watoto wakirudi kutoka shule, wakitukanana kwa mapenzi, wakigombania maembe ya pilipili. Wengine niliwafundisha kaka zao na mama zao. Hakuna anayeinua kichwa. Na ainue kwa nini? Dirisha ni dirisha tu.

Basi someni, walimu wangu wachanga. Mtanivumilia nikirukaruka, maana nakumbuka kwa jinsi yanavyonijia, si kwa jinsi yalivyotokea.

Niliyejifunza kwake kazi hii ni Mwalimu Kazungu, mtu wa Kaloleni, Mkristo mcha Mungu aliyejua mitaa ya Bondeni kuliko wenyeji. Mimi nilikuja kutoka chuo cha ualimu nimejaa nadharia mpaka puani. Mwezi wa kwanza tu nilikuwa nimeshawaita wazazi wa nusu ya darasa, na waliokuja walikuja wamenuna. Kazungu alinitazama siku hiyo nikihema kwa hasira, akaniuliza, "Bi Zainabu, ushawahi kumwita mzazi ukamwambia mwanawe ni mzuri?"

Nikamwambia sijawahi.

"Basi usishangae wakikukimbia," akasema, akaendelea kula muhogo wake.

Nikaona nijaribu. Nikamwita mama wa mtoto mmoja anayeitwa Juma, mtundu kupindukia, lakini akichora ramani ya Kenya utadhani ameilalia. Nilitaka kumwambia mamake hilo tu. Mama alifika jasho linamtoka, buibui limekaa upande, ndara moja mguuni na nyingine mkononi, na kabla hata ya salamu akauliza, "Yuko wapi? Nionyeshe tu." Ilinichukua muda kumfanya akae. Nilipomwonyesha ramani aliweka ndara chini. Halafu akalia, akaniuliza kama kweli nimemwita kwa ajili ya hiyo. Kuanzia siku hiyo mama yule hakukosa mkutano hata mmoja, na ndara zote mbili akawa anazivaa.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo. Mara ya kwanza usiende kwa mzazi na lawama. Nenda na neno jema, na kama mtoto hana jema unalolijua, basi hujamtazama vizuri, rudi ukamtazame.

La pili nililijua kwa miguu yangu mwenyewe. Nenda nyumbani kwao baada ya Alasiri, wakati watu wameamka usingizi wa mchana na chungu cha jioni bado hakijainjikwa. Ukifika mapema utamkuta mama amelala, na ukichelewa utamkuta anakaanga, na mwanamke anayekaanga hana habari na hesabu za visehemu. Keti unapoketishwa. Kikombe usikikatae hata kama tumbo limejaa. Na usiulize, "Kwa nini mtoto hasomi?" Mwambie mtoto akuonyeshe pale anaposomea. Utaonyeshwa ngazi, utaonyeshwa ukingo wa kitanda wanacholala wanne, au utaonyeshwa mlango wa duka la babu yake uliojaa wateja. Jibu utakuwa umelipata, na hakuna aliyetahayari.

Nyinyi mna makundi ya simu. Nayajua, nami nilikuwa ndani ya moja mpaka nilipostaafu na mtu akanitoa siku hiyo hiyo, bila hata kwaheri. Sikukasirika sana. Nilikuwa nimechoka na maua ya "Ijumaa njema". Lakini niwaambie, mzazi anayekutumia dole gumba hajawa mzazi mkutanoni. Nilikuwa na baba mmoja aliyejibu kila tangazo kwa dole gumba, muhula mzima, mtu wa kupigiwa mfano. Siku ya mkutano akaja, akakaa mbele, akachangia mawazo ya maana kabisa kuhusu choo cha wavulana, akapigiwa makofi. Alipoomba kuona kazi ya mwanawe tukagundua mtoto alishahamia shule ya Majengo kitambo, na baba alikuwa hajaambiwa na mkewe. Alicheka pamoja nasi. Lakini nilimwona akitoka langoni, kichwa chini, na kile kicheko sikukipenda tena.

Na mtaala huu mpya unaotaka mzazi na mtoto wafanye kazi pamoja, mimi ulinikuta miaka yangu ya mwisho. Tuliagizwa watoto watengeneze sanamu la kufukuza ndege shambani. Shamba! Watoto wa Mji wa Kale, ambao kijani pekee wanachokijua ni mchicha wa sokoni. Bibi mmoja alijitahidi na mjukuu wake wakatoa sanamu zuri mno, limevaa kanzu na kofia ya kiua. Tukaliweka uani. Baada ya sala ya Ijumaa babu yake mtoto akapita kumchukua, akasimama mbele ya sanamu, akalitazama sana, akasema, "Hii kofia naitafuta tangu juzi." Akaivua kichwani mwa sanamu, akaivaa, akaondoka zake na mjukuu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimekuwa nikilizunguka.

Salim wangu alikuwa dereva wa kreni bandarini. Kelele za bandari zilimla masikio mapema, kwa hiyo nyumbani kwetu tulizungumza kwa kupiga kelele, na majirani walidhani tunagombana miaka yote ile. Nilipokuwa nikienda kwa wazazi alinisindikiza. Ndani haingii, hukaa nje kwenye baraza ya nyumba ile, akiagiza kahawa kwa Mzee Bakari, yule muuza kahawa anayetembea na dele lake la shaba na makaa chini yake. Nikichelewa kutoka, Salim alikuwa akisema kwa sauti mtaa mzima usikie, "Mwalimu, huyo mzazi umeamua kumwoa?"

Mwaka mmoja aliletwa darasani kwangu, darasa la sita, msichana kutoka Lamu, Mwanaisha. Alikuja katikati ya muhula, ameshikwa mkono na halati yake, yaani dada wa mamake, ambaye alikuwa akivuka feri alfajiri kwenda kupika kwenye hoteli ya Likoni na kurudi watu wameshakula. Mwanaisha alikuwa msafi, madaftari yake yamepangwa, na hasemi. Ukimwuliza swali hukutazama tu kwa macho makubwa mpaka wewe ndiye unayeona haya. Jambo moja tu lilimfungua kinywa. Wenzake wakimwuliza kuhusu babake, alisema wazi, bila kukwama, kwamba ni fundi wa mashine katika meli ya mizigo, na kwamba siku ya Idi atakuja.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa Taita, mwadilifu, mkali wa taratibu. Alikuwa amechoka na wazazi wasioonekana, akatoa amri. Siku ya mkutano wa wazazi jina la kila mtoto litaitwa, na mzazi atasimama. Mtoto ambaye hakusimamiwa na mtu asikanyage darasani mpaka mzazi aonekane. Mama yake Mwanaisha alikuwa ameshaitwa, akaitwa tena, hakutokea. Mwalimu mkuu akamwita mtoto ofisini akamwonya mbele yangu. Nilijua hatari yake. Mtoto asiyesema, mgeni mjini, ukimrudisha nyumbani kwa jambo la aibu, haji tena. Nilishawaona watoto wa namna hiyo. Hukaa nyumbani wiki moja, kisha mwezi, kisha unawakuta wanauza vitu Feri na wanageuza uso wakikuona.

Siku chache baadaye Mwanaisha akaja na mzazi. Mlango ukabishwa, nikasikia, "Salaam aleikum, Mwalimu. Mimi ni ami yake huyu mtoto."

Nikainua macho. Alikuwa Mzee Bakari na dele lake mkononi, makaa bado yanawaka.

"Waaleikum salaam, Mzee Bakari," nikasema. "Mwezi uliopita ulikuwa mjomba wake Athumani."

"Ukoo ni mkubwa, Mwalimu."

"Na huyu anaitwa nani?"

Bakari akamtazama mtoto. Mtoto akatazama sakafu. "Huyu," akasema mzee wa watu, "ni mtoto mzuri sana."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Mwanaisha hakucheka. Nilipomtoa nje mtoto, Bakari akaweka dele chini, akaniambia kwa sauti ndogo, "Alinililia, Mwalimu. Hakunipa sababu. Mtoto wa watu yuwalia mbele yako, utafanyaje?" Nikamwambia aende akauze kahawa yake, mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Alhamisi ile baada ya Alasiri nilimchukua Salim tukaenda Bondeni, kwenye nyumba ya halati yake Mwanaisha. Salim akaketi barazani, mimi nikapiga hodi. Alinifungulia mwanamke wa makamo, amejisitiri nyuma ya ubao wa mlango asionekane na watu wa njiani. Nguo zake zilikuwa za rangi iliyofifia, macho hayana wanja, mikono haina hina. Ndani hakunukii udi. Mimi ni mtoto wa mji huu, sikuhitaji kuambiwa. Yule tuliyemwita mara kwa mara, yule ambaye katika chumba cha walimu tulikuwa tukisema hajali, alikuwa mjane aliye edani. Hata kama angependa kuja akakae mbele yetu, mlango ule ulikuwa umefungwa na kifo cha mumewe.

"Mwanaisha hakuwaambia?" akaniuliza. Jina lake Bi Fatma. Alikuwa anashona kofia, sindano bado iko vidoleni.

"Hakutwambia kitu, dada yangu."

Akamgeukia mwanawe aliyekuwa amesimama kando ya mtungi. "Kwa nini, mamangu?"

Nikasikia sauti ya mtoto yule kwa mara ya kwanza ikisema jambo la kweli. Hakumjibu mamake. Alinijibu mimi. "Mwalimu, kule shule babangu hajafa. Usende ukawambia."

Sindano ilianguka. Bi Fatma alijifunika uso kwa leso. Mimi nikaiokota sindano, nikamwelewa mtoto. Nyumbani babake alikuwa amekufa kila mahali, kwenye nguo za mamake, kwenye harufu iliyokosekana, kwenye wageni wanaokuja na pole. Shule ilikuwa mahali pamoja alipobaki hai, nasi tulikuwa tunataka kumfuata mpaka huko.

"Sitawaambia," nikasema. "Na sikuulizi kitu. Nitakuja Alhamisi, baada ya Alasiri, unisomee tu."

Bi Fatma alikuwa amesoma chuo cha Kurani tu, na hilo lilimtia haya. Nikamwambia sihitaji amfundishe. Namtaka asikie. Mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, mama akiwa anashona, kisha amwulize swali moja tu, "Umefahamu nini?" Basi. Mzazi yeyote aliye na masikio aweza kazi hiyo, na huko ndiko kumshirikisha mzazi, sio kumwita aje asomewe makosa.

Tukaanza. Mtoto akasoma kwa sauti ya mtu anayemnong'oneza paka. Mara kutoka nje, kupitia dirisha, tukasikia, "Sauti, mwanangu! Mimi huku nje sisikii!"

Alikuwa Salim. Nilitaka kutoka nikamgombeze. Lakini Mwanaisha alishtuka, akapandisha sauti kidogo. "Bado!" akasema Salim. Akapandisha tena. "Rudia hapo kwa samaki, hapo pamenipita!" Mwanaisha akarudia hapo kwa samaki, na nikamwona mamake, chini ya leso, anatabasamu. Alhamisi zote zilizofuata ilikuwa hivyo. Mtoto alisoma ndani, kiziwi alisikiliza nje, na mtoto akitoka kunisindikiza alipewa kashata na Salim, ambaye alikuwa akimwuliza, "Umefahamu nini?" kama mamake. Mwanaisha alimwita Babu Salim.

Nikaenda kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia mama wa Mwanaisha nimemwona, ni mzazi mwema, lakini kuja hawezi.

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

"Amekatazwa?"

"Mwalimu mkuu, neno hili si langu kulitoa. Niamini."

"Na mimi taratibu hii si ya kumpendelea mtu," akasema. "Nikimwachia mmoja, wote watapata sababu. Nikiita jina na asisimame mtu, Jumatatu asije." Hakusema kwa ukatili. Angejua neno moja tu, eda, angeiondoa amri pale pale. Lakini neno hilo nilikuwa nimemwahidi Mwanaisha kutolitoa.

Siku ya mkutano walimu tuliketi mbele kwenye viti, nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa. Wazazi walikuwa kwenye mabenchi. Watoto walijazana madirishani. Nilimwona Mwanaisha, uso umekaa baina ya vyuma vya dirisha, macho yake kwangu. Majina yakaanza kuitwa. Darasa la nne, la tano. Mzazi akisimama, mwanawe dirishani anajishaua. Lilipoanza la sita nilichukua mkoba wangu, nikainuka kwenye viti vya walimu, nikavuka ukumbi. Watu walidhani naenda kumsalimu mtu. Nikapata nafasi kwenye benchi, kati ya mama anayenukia mahamri na baba aliyesogea bila kuuliza, nikaketi.

"Mzazi wa Mwanaisha Ali?"

Vichwa viligeuka kumtafuta.

"Mzazi wa Mwanaisha Ali?"

"Mimi hapa," nikasema, nikasimama.

Kicheko kikapita. Mama mmoja akadakia kwa utani, "Mwalimu, huyo umemzaa lini?"

Mimi na Salim hatukujaaliwa mtoto. Mji mzima wajua, na yule aliyeuliza alijua pia, ila ulimi ulimtangulia. Kicheko kikafa. Nikabaki nimesimama. Miaka yote ile nilikuwa nimewaita wazazi, nimewasubiri wazazi, nimewahukumu wazazi, na sikuwahi hata siku moja kuitwa mzazi wa mtu. Nilijisikia kulia, na nilijisikia kucheka, na sikufanya lolote kati ya hayo. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ameonekana," akasema, akaita jina linalofuata.

Baadaye aliniambia kwamba nimemvunjia amri. Nikamjibu sikuivunja, aliita mzazi na mtu akasimama. Akacheka upande mmoja wa mdomo. Hakulizungumza tena.

Lakini nyinyi mliniuliza wazazi nilikuwa nikiwapata wapi, na jibu nililipata pale nilipoketi tena. Lile benchi ni fupi. Halina mgongo. Magoti yanakuja juu kama ya mtoto. Kutoka pale meza ya walimu iko juu sana, na yule mwalimu wa hesabu ambaye nakunywa naye chai kila siku alionekana mtu wa kutisha. Walipoanza kusoma matokeo nilishika mkoba wangu kwa mikono miwili, nikiogopa Mwanaisha atatajwa kwa ubaya. Kwa hiyo, kabla hamjauliza kwa nini wazazi hawaji, nendeni mkakae kwenye benchi lao, mkutano mzima, na jina la mtoto mnayempenda liko kwenye orodha.

Jumatatu Mwanaisha alikuja. Kipindi cha Kiswahili nikauliza nani atasoma, na mkono ukainuka mbele, wa kwake. Akasoma kwa sauti kubwa kupita kiasi, akitazama dirishani, hata darasa la jirani likasikia. Wenzake wakacheka. Akaendelea.

Eda ya Bi Fatma ilipokwisha, mtoto alinijia wakati wa mapumziko. "Mwalimu, sasa waweza kuwaambia." Nikamwambia mimi siwaambii, atawaambia mwenyewe akitaka. Akawaambia. Wenzake walikaa naye ukutani mpaka kengele, na hakuna aliyemtania. Mkutano uliofuata mamake alikuja, hina mikononi, akaketi kwenye benchi lile. Mimi nikarudi kwenye kiti changu cha walimu. Niliona kiko mbali.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu niliyoifanya. Sasa mtanisikiliza kidogo kama mtu, si kama mwalimu.

Mwanaisha anasomea uuguzi huko Eldoret, kwenye baridi. Mamake alirudi Lamu. Kila Alhamisi baada ya Alasiri hunitumia sauti kwenye simu, habari za masomo, habari za mvua, na mwisho husema, "Msalimie Babu Salim, mwambie sauti yangu bado kubwa." Salim alikuwa akiipeleka simu sikioni, hasikii vizuri, anacheka tu. Kisha mimi hujibu, "Zimefika, mwanangu, naye yuwakusalimu."

Salim alifariki, tukamzika, mlikuja nyote. Alhamisi iliyofuata sauti ikaingia. Msalimie Babu Salim. Nilikaa nayo mkononi mpaka mwanga ukapungua. Nikajisemea ana mitihani. Nikajibu, "Zimefika, mwanangu, naye yuwakusalimu." Alhamisi iliyofuata pia. Na iliyofuata. Mzee Bakari hupita chini, zamani aliacha vikombe viwili mlangoni, sasa huacha kimoja, hunisalimu kwa sauti bila kutazama juu. Chumbani viatu vya Salim viko pale pale. Msikitini wameshamwombea. Katika mji huu wote amekufa. Katika ile simu tu, Alhamisi, dakika chache, alikuwa bado yuko barazani anangojea nitoke.

Upweke wa nyumba hii sikuujua mpaka sasa. Tulikuwa wawili na tulitosha. Niliwafundisha mamia ya watoto wa watu, na nikidondosha kikombe jikoni hakuna anayeuliza kimevunjika nini. Nawaambia haya si ili mnionee huruma. Nawaambia kwa sababu mlipokuwa mnanyanyuka mmoja wenu aliniuliza, "Mwalimu, hasa unaendeleaje?" na nikamjibu alhamdulillahi.

Alhamisi hii iliyopita sikuweza tena. Sauti haijaingia bado, mimi nikampigia. Akaitika, "Naam, Mwalimu."

"Mwanaisha," nikasema, "Babu Salim," na sikufika mbali.

"Najua, Mwalimu."

"Wajua tangu lini?"

"Mama alinipigia siku ile ile ya maziko."

"Na hizi salamu zote?"

Nilisikia watu wakipita nyuma yake, na mlango. Halafu akasema taratibu, kwa sauti yake ya zamani ya ndani, "Mimi mliniachia pahali babangu akae, mpaka nikaweza. Nikasema nawe labda wataka pahali."

Nililia, walimu wangu, na yeye hakuniambia ninyamaze. Alingoja. Nilipomaliza aliniuliza, "Mwalimu, leo nimsalimie?"

Nilitazama viatu vya Salim pale chumbani.

"La, mwanangu," nikamwambia. "Leo nisalimie mimi."